Saa ya seva ikipotoka, fundi aanze na ukubwa wa kosa

KATIKA ofisi za pembezoni mwa Dar es Salaam, kama zile za Ukonga na Gongo la Mboto, umeme ukikatika na kurudi, wengi huridhika pindi seva inapowaka na kazi kuendelea. Kinachosahaulika ni saa ya kifaa kidogo cha usimamizi kilichomo ndani ya seva, ambacho kampuni ya HPE hukiita iLO na Dell hukiita iDRAC.

Kifaa hicho huandika kumbukumbu za joto, feni na umeme hata seva ikiwa imezimwa, mradi waya haujachomolewa. Saa yake ikipotoka, fundi anayetafuta chanzo cha hitilafu ya usiku huweza kukuta tukio limeandikwa mwaka 1970, asiweze kulilinganisha na kumbukumbu nyingine.

Vifaa hivi huchukua saa mtandaoni kwa itifaki ya NTP, iliyobuniwa na David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1985. Itifaki hiyo hubeba saa ya kimataifa, UTC, peke yake. Kuongeza saa tatu za Afrika Mashariki ni kazi ya kifaa chenyewe.

Kwa hiyo, kosa la saa tatu kamili kwa kawaida halitokani na mtandao. Ama ukanda wa saa haukuwekwa, ama kifaa kimesoma saa ya ubao mkuu wa seva, ambayo Windows huiweka kwa saa za hapa nchini na Linux aghalabu kwa UTC. Kosa la saa sita lina asili ya kwetu zaidi: aliyeiweka kwa mkono aliandika 4:00 akimaanisha saa nne asubuhi, wakati mashine ilitaka 10:00.

Tarehe ikirudi mwaka 1970, kifaa kimeanza upya na hakijapata saa kutoka popote. Hapa ndipo mtandao unapochunguzwa, na mara nyingi kosa ni dogo. Vifaa vya usimamizi hutengwa kwenye mtandao wao kwa ajili ya usalama, hivyo havina njia ya kutoka kwenda intaneti. Fundi huandika tz.pool.ntp.org, akasahau kwamba bila seva ya majina jina hilo halitafsiriki kuwa anwani.

Jaribio la haraka ni kuweka anwani ya namba badala ya jina. Saa ikikaa sawa, tatizo ni seva ya majina. Isipokaa, ikaguliwe njia ya kutokea, kisha fayawoli, ambayo haina budi kuruhusu mlango namba 123 wa UDP.

Suluhisho linalofaa ofisi yenye intaneti ya kusuasua ni kuteua mashine moja ya ndani ichukue saa nje na kuzigawia nyingine. Mashine hiyo nayo ikaguliwe: ikiwa haijapata saa, hujitangaza kuwa daraja la 16, na vifaa huikataa hata kama mawasiliano ni mazima.

Kabla ya kusahihisha chochote, fundi aandike daftarini tofauti iliyopo kati ya saa ya kifaa na saa halisi. Kumbukumbu za zamani hazijirekebishi, na tofauti hiyo ndiyo itakayotumika kuzisoma.