Heshima ya Wazee na Moshi wa Jikoni

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Hata hivyo, historia ya vijiji vyetu yatufundisha kuwa heshima ya maneno haitoshi kumlinda mzee iwapo afya yake na riziki yake hazikutazamwa. Mfano mmoja twaupata Usukumani.

Wakati wa utawala wa Waingereza, mapori mengi ya Shinyanga yalifyekwa ili kuangamiza mbung'o, na kilimo cha pamba kikazidi kuyapunguza. Kuni zikawa haba, hata katika nyumba nyingi mavi makavu ya ng'ombe yakawa ndiyo nishati ya kupikia. Aliyekaa mbele ya moshi huo miaka yote alikuwa mwanamke. Naye alipofikia uzee, macho yake yalikuwa mekundu. Maradhi hayo yalihitaji dawa, jiko bora na kuni safi. Badala yake, wapo walioyahesabu kuwa alama ya uchawi. Mtoto alipofariki au mifugo ilipokufa, lawama ilimwangukia bibi kizee, hasa mjane asiye na mtetezi, ambaye pengine shamba lake lilikuwa likitamaniwa na jamaa. Tangu miaka ya 1970 wengi wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo.

Ukatili huo ni kinyume cha misingi tuliyojiwekea. Azimio la Arusha la 1967 liliwataja wazee wasiojiweza kuwa miongoni mwa watu wanaostahili kutunzwa kwa jasho la wenzao pasipo kuitwa wanyonyaji. Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza kuirudisha miti kwa kufufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kuhifadhi malisho. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ikatambua haki yao ya matunzo na matibabu. Zanzibar nayo, mwaka 2016, ilianza kumlipa pensheni kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa.

Kwa hiyo tunapozungumzia utamaduni wa kuwaheshimu wazee, tusiishie kwenye shikamoo. Heshima hiyo ni pamoja na dawa ya macho katika zahanati ya kijiji, mti uliopandwa karibu na nyumba, na haki ya mjane juu ya shamba lake. Macho yale yaliharibika kwa kutupikia sisi; ni aibu yetu kumhukumu mwenyewe kwayo.