Tanga la Barafu, Sala ya Mvua

Tarehe 18 Agosti 2019, watu wapatao mia moja walipanda mlima uitwao Ok, magharibi mwa Iceland, kwenda kuizika barafu. Miaka mitano kabla, mtaalamu wa barafu Oddur Sigurðsson alikuwa ametangaza kwamba barafu hiyo, Okjökull, imekufa: imekonda hata haiwezi tena kujisukuma kwa uzito wake, na barafu ya mlimani isiyotembea haihesabiwi kuwa hai. Waziri Mkuu Katrín Jakobsdóttir alihudhuria. Likawekwa bamba lenye maneno ya mwandishi Andri Snær Magnason, barua kwa watu watakaokuja baadaye, na chini yake kiwango cha hewa ukaa kilichofikiwa mwaka ule: sehemu 415 katika kila milioni ya hewa. Mwezi uliofuata, watu kama 250, wengi wamevaa nyeusi, walipanda Pizol huko Uswisi pamoja na kasisi, wakafanya vivyo hivyo.

Kwa msomaji wa pwani yetu, kukifanyia mazishi kitu kisicho na roho huenda ni kioja. Mimi naona watu wale walikuwa wakitafuta jambo ambalo sisi tunalo tangu zamani: njia ya kuibeba huzuni na hofu pamoja. Mwaka 2021 jarida la Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliohoji vijana elfu kumi wa miaka 16 hadi 25 katika nchi kumi, Nigeria ikiwa ya pekee kutoka Afrika. Asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa kupindukia juu ya mabadiliko ya tabianchi, na zaidi ya asilimia 45 walisema hisia hizo zinawavuruga katika maisha ya kila siku. Hofu ya ukubwa huo haina budi kupata mahali pa kukaa, na katika jamii ambazo ibada zimepungua, mara nyingi hukaa kifuani mwa mtu mmoja.

Msiba wa Mswahili haumwachi mtu peke yake. Turubai linafungwa, mikeka inatandikwa, majirani wanakuja na sufuria zao, na mfiwa hapiki. Hitima inasomwa, siku ikifika watu wanaanua matanga, na anayebaki ni mjane na eda yake ya miezi minne na siku kumi. Huzuni imepewa watu, chakula na kikomo. Lakini hapo hapo ndipo mazishi ya barafu yanapokwama. Tanga huanuliwa kwa kuwa kifo kimekwisha kupita. Joto tunaloliogopa bado linapanda, na barafu nyingine za Iceland zingali zinayeyuka. Tanga la namna hiyo litaanuliwa lini? Nahofia pia kwamba anayekililia kilicho hai anaweza kuzoea kukikosa, akaacha kukipigania.

Kwa hofu ya kisichopotea bado, naiona sala ya kuomba mvua inafaa zaidi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, watu hawakurupuki tu kwenda uwanjani. Kwanza huhimizwa kufunga, kutoa sadaka, kutubu, na kumrudishia kila mwenye haki haki yake. Ndipo hutoka kwa unyenyekevu, na nguo za kawaida, wazee na watoto wakiwemo, na hata mifugo. Huswali rakaa mbili, na katika hotuba imamu huigeuza nguo yake ya juu, kwa kutaraji kwamba hali nayo itageuka. Hapa hofu haifichwi wala haipambwi. Inapewa kazi, na kazi ya kwanza ni kulipa deni.

Siku ya 14 Februari 2023 Wakenya walikusanyika katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, kwa maombi ya kitaifa ya mvua. Misimu mitano ya mvua mfululizo ilikuwa imefeli katika maeneo makavu ya nchi, mifugo imekufa, watu wana njaa. Sina neno na maombi yale. Linaloniuma ni toba: nani atubu? Miezi miwili baadaye wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walikadiria kwamba ongezeko la joto lililosababishwa na binadamu liliufanya ukame wa aina ile uwe rahisi kutokea mara mia zaidi, au karibu na hapo. Aliyechoma makaa ya mawe kwa karne mbili hakuwa Nyayo. Mfugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, akiambiwa mvua imezuiliwa na dhambi zake, anaongezewa hatia juu ya hofu.

Mzigo huo huo uko kwenye milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kwa Wakonzo, kileleni ndiko makao ya mzimu Kitasamba, na theluji, Nzururu, ndiyo iliyoupa ufalme wao jina la Rwenzururu. Mwaka 1906 barafu ilikuwa kwenye milima sita. Kufikia mwanzo wa karne hii ilibaki kwenye mitatu. Mwezi Mei 2013 mto Nyamwamba, utokao milimani humo, ulifurika ukaingia hospitali ya Kilembe. Mzee aliyefundishwa kwamba mlima hujibu mwenendo wa watu atajiuliza: tumekosa nini? Swali hilo lina heshima kubwa, ila limemfikia asiye na kosa.

Sharti la kurudisha haki za watu linagusa mbali kuliko uwanja wa sala. Huko Sharm el-Sheikh, katika mkutano wa tabianchi wa mwaka 2022, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu. Mwaka uliofuata, Dubai, ahadi zilizotolewa zilikuwa kama dola milioni 700, kiasi kidogo mno mbele ya yaliyokwisha kuharibika. Kwa hiyo kijana wa Kasese, chini ya Rwenzori, na kijana wa Reykjavik, hata wakikosa usingizi kwa hofu moja, hawawezi kutulizwa kwa maneno mamoja. Wa Kasese aambiwe wazi kwamba hakukosa, na akae na wenzake kudai haki yake. Wa Reykjavik, akishalia na wenzake kule mlimani, ateremke aulize serikali yake imerudisha kiasi gani.