Kutoka Mwendo hadi Wakati Ujao: Historia ya Muundo wa "going to" katika Kiingereza na Funzo Lake kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiingereza aliyelelewa katika Kiswahili hukutana mapema na sentensi mbili zinazofanana kwa sura. Ya kwanza ni "I am going to Tanga", ambayo msemaji wake yumo safarini au anajiandaa kusafiri. Ya pili ni "I am going to sit here", ambayo msemaji wake hana safari yoyote. Anakusudia kuketi papo hapo alipo. Kitenzi ni kilekile, lakini katika sentensi ya pili mwendo umetoweka na kilichobaki ni wakati ujao.

Darasani tofauti hii hufundishwa kama kanuni ya kukariri. Makala hii inaichunguza kama tukio la kihistoria. Hoja yake ni kwamba muundo wa "going to" haukubuniwa na wanasarufi, bali ulikua ndani ya sentensi za kila siku zilizokubali fasiri mbili kwa wakati mmoja. Aidha, inadaiwa kwamba historia hiyo inatoa kipimo cha haki cha kutathmini muundo wa Kiswahili unaolaumiwa mara kwa mara, yaani "tunakwenda kujenga", "tunakwenda kushuhudia" na mifano ya jinsi hiyo.

2.0 Wakati Ujao Kabla ya "going to"

Kiingereza cha Kale hakikuwa na umbo maalumu la wakati ujao. Umbo la wakati uliopo lilitumika, na muktadha ulibainisha kwamba jambo halijatendeka bado. Baadaye vitenzi viwili vilijitwalia kazi hiyo. Kitenzi kilichozaa "will" kilimaanisha kutaka, na kilichozaa "shall" kilimaanisha kuwiwa au kuwajibika. Hivyo basi, Kiingereza kilianza kuusema wakati ujao kwa kutaja utashi wa mtu au wajibu wake.

Wanasarufi walijaribu kuvitenganisha vitenzi hivyo. Mwaka 1653 John Wallis, katika sarufi ya Kiingereza aliyoiandika kwa Kilatini, alieleza kwamba nafsi ya kwanza hutumia "shall" kwa utabiri wa kawaida, ilhali nafsi ya pili na ya tatu hutumia "will". Kanuni hiyo ilirudiwa shuleni kwa muda mrefu. Lakini hata kabla haijaandikwa, wasemaji walikwisha kufungua njia ya tatu.

3.0 Kuchipuka kwa Muundo, Karne ya 15 hadi ya 17

Mfano wa mapema unaotajwa sana na watafiti umo katika masimulizi ya njozi ya mtawa mmoja, yaliyopigwa chapa London mnamo mwaka 1482. Humo inasimuliwa nafsi iliyokuwa ikiburutwa na maadui zake, nayo inaelezwa kwa muundo wa "going to" kuwa i karibu kupelekwa jehanamu. Mwendo upo, kwa kuwa nafsi inasafirishwa. Hata hivyo, safari hiyo si kusudio lake. Kitenzi kinachofuata kiko katika kauli ya kutendwa, na kinachosisitizwa ni jambo litakaloipata nafsi hiyo muda si mrefu.

Karne moja na zaidi baadaye, fasiri hizo mbili zilikuwa bado zinaishi pamoja. Katika tamthilia ya Shakespeare, The Two Gentlemen of Verona, iliyochapishwa mwaka 1623, mhusika Valentine anaulizwa aendako kwa haraka. Anajibu kwa "going to" kwamba kuna mjumbe anayemsubiri, naye anakwenda kumkabidhi barua. Swali linahusu mahali, ilhali jibu linataja kusudi. Msikilizaji anaweza kuelewa mwendo, kusudio, au vyote viwili, na mazungumzo yasiharibike.

Kufikia mwaka 1646 mabadiliko yalikuwa yameonekana hata kwa mwalimu wa sarufi. Joshua Poole, katika kitabu chake cha kufundishia, aliitaja "going to" pamoja na "about to" kama alama za wakati ujao. Tarehe hii ni muhimu kwa mtafiti wa historia ya lugha, kwa sababu inaonyesha kwamba sarufi iliyoandikwa ilifika baada ya matumizi. Poole hakuuanzisha muundo huo. Aliukuta ukitumika, akauandika.

4.0 Utaratibu wa Mabadiliko

Antoine Meillet (1912) ndiye aliyetumia istilahi ya usarufishaji kueleza namna neno kamili linavyogeuka kuwa kipashio cha kisarufi. Hopper na Traugott (1993) wanaufafanua muundo wa "going to" kwa msingi huo. Katika "I am going to buy bread", msemaji wa awali aliunganisha "to" na "buy": anakwenda, ili anunue mkate. Msikilizaji alielewa pia kwamba mkate bado haujanunuliwa na kwamba utanunuliwa karibuni. Polepole maana hiyo ya pembeni ikawa maana kuu, na "to" ikahamia upande wa "going". Huu ndio uchanganuzi upya: maneno hayakubadilika, ila mipaka baina yake ilihama.

Ushahidi wa uhamaji huo ni wa aina tatu. Kwanza, muundo ulipokea viima visivyoweza kwenda popote, kama katika "It is going to rain". Pili, ulikubali kufuatwa na kitenzi cha mwendo chenyewe, kama katika "I am going to go", bila msikilizaji kuona marudio. Tatu, ulifupika kimatamshi kuwa "gonna". Ufupisho huu hutokea kwenye maana ya wakati ujao pekee: hakuna asemaye "I'm gonna Tanga". Katika karne ya 20 muundo huu uliongezeka kwa kasi katika maandishi ya Kiingereza, ukiwa umekomaa zamani katika mazungumzo.

5.0 Funzo kwa Kiswahili

Kiswahili chenyewe kimepita njia inayokaribiana na hiyo. Kiambishi cha njeo -ta- hunasibishwa na kitenzi -taka, na umbo zima limesalia katika urejeshi: "atakayekuja", "mwaka utakaofuata". Hata leo mtu husema "mvua inataka kunyesha" au "ukuta unataka kuanguka", ingawa mvua na ukuta havina utashi. Vilevile, kitenzi -enda kimekwisha kuzaa "huenda", neno la kukisia ambalo halina safari ndani yake.

Ni katika muktadha huu ndipo "tunakwenda kujenga barabara" inapaswa kujadiliwa. Wakosoaji huiona kuwa tafsiri sisisi ya Kiingereza. Inawezekana athari hiyo ipo, hasa kwa wasemaji wanaotumia lugha zote mbili. Lakini sura pekee haitoshi kuwa ushahidi. Bybee, Perkins na Pagliuca (1994) wanaonyesha kwamba vitenzi vya mwendo ni chanzo cha kawaida cha wakati ujao katika lugha nyingi za dunia. Kifaransa hutumia "aller". Kizulu, ambacho ni ndugu wa Kiswahili, kimepata -yo- ya ujao wa mbali kutokana na kitenzi cha kwenda, na -zo- ya ujao wa karibu kutokana na kitenzi cha kuja.

Kipimo bora ni zile aina tatu za ushahidi. "Bei zinakwenda kupanda" inatimiza ya kwanza, kwa kuwa bei hazitembei. "Tunakwenda kwenda" bado humkwaza msikilizaji, na ufupisho wa kimatamshi unaohusu maana ya ujao pekee haujajitokeza. Muundo huo, basi, umeanza safari ya usarufishaji lakini haujafika.

Zaidi ya hayo, "tutajenga" na "tunakwenda kujenga" hazilingani kabisa. Ya kwanza ni ahadi. Ya pili inadai kwamba hatua zimekwisha kuanza kupigwa, hata pale ambapo hakuna hatua yoyote iliyopigwa. Huo ni mvuto uleule ulioupa nguvu muundo wa Kiingereza: kusudio kuvishwa vazi la mwendo. Mfasiri anayezigeuza zote mbili kuwa kitu kimoja humnyima msomaji nafasi ya kuipima ahadi aliyopewa.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba "going to" ilitoka katika mwendo, ikapita katika kusudio, ikaishia katika wakati ujao, na kwamba kila hatua ilitanguliwa na sentensi za kawaida zenye fasiri mbili. Mwalimu wa Kiswahili anayekata alama kwa sababu ya "tunakwenda kujenga" ana haki ya kutetea usanifu wa lugha, lakini hoja ya ugeni wa muundo inahitaji ushahidi zaidi ya kufanana. Ushahidi huo utapatikana katika mazungumzo yaliyorekodiwa na magazeti ya vipindi mbalimbali, yakichunguzwa kwa kuangalia ni lini viima visivyotembea vilianza kusemwa kuwa "vinakwenda".