Macho ya Mtaa: Utoto wa Zamani Katika Nchi ya Chai

Watu wazima wa Kericho na Bomet wakianza kuzungumzia utoto wao, mazungumzo huenda upande mmoja. Mtoto alitoka asubuhi, akaogelea Kipsonoi au Nyangores, akaparamia mipera ya jirani, akasukuma gari la waya hadi jua likatua, na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Wajukuu wao wanaondoka nyumbani kabla ya mapambazuko na kurudi gizani wakiwa na mizigo ya vitabu. Huzuni inayoambatana na ulinganisho huo ina msingi, na wanaoipuuza wanakosea. Hata hivyo, kumbukumbu hizo zimesahau walinzi. Mtoto wa zamani alizungukwa na macho mengi kiasi kwamba hakuyahisi, na sehemu kubwa ya ulinzi huo ilifanywa na watoto wenzake, hasa wasichana.

Ushahidi upo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wawili Wamarekani, Sara Harkness na Charles Super, waliishi na kufanya utafiti katika jamii ya wakulima wa Kipsigis waliyoiita Kokwet, neno ambalo wenyeji hulitumia kwa mtaa na baraza lake. Walifuatilia shughuli za watoto za kila siku: nani yuko na nani, na anafanya nini. Msichana wa miaka saba au minane alikabidhiwa mdogo wake wa miezi michache, akambeba mgongoni huku akicheza na wenzake. Mama alikuwa shambani, mahali anapoweza kusikia akiitwa. Mtoto akililia titi alipelekwa huko akanyonya, kisha akarudi mgongoni kwa yaya wake mdogo. Mvulana alipewa ng'ombe awazuie wasiingie kwenye mahindi. Wazazi walipoulizwa mtoto mwerevu ni yupi, walimtaja msichana ambaye akimaliza kula hufagia nyumba, huosha vyombo na kumwangalia mtoto bila kutumwa. Kwa hiyo kile tunachokiita kuzurura kilikuwa ndani ya ratiba ya kazi, na mchezo uliingia katikati ya kazi hizo. Mvulana aliyekwenda mtoni aliongozana na ng'ombe. Dada yake hakufika mbali, kwa kuwa alikuwa na mzigo mgongoni.

Kwenye mashamba makubwa ya chai historia ni kali zaidi. Brooke Bond na kampuni ya James Finlay zilianza chai Kericho katikati ya miaka ya 1920, kwenye nchi ambayo Wakipsigis walikuwa wamepokonywa. Sehemu yake ilikuwa imegawiwa maafisa wa kijeshi wa Uingereza waliolemaa vitani, mradi ambao ulikufa mapema. Kuchuma majani mawili na chipukizi kunataka vidole vyepesi, na makampuni yakaajiri watoto kwa wingi. Kipande, yaani kitambulisho cha kazi cha kikoloni, kilihusu wanaume wa miaka 16 kwenda juu, hivyo kijana mdogo aliweza kuondoka kwao na kuandikwa kazi bila karatasi hiyo. Mwanahistoria Paul Ocobock ameonyesha kwamba baadhi ya wavulana wa enzi hizo walitafuta kazi ya mshahara kwa hiari, wapate fedha zao na kukwepa amri za baba. Huo nao ulikuwa uhuru, lakini uliishia mikononi mwa nyapara. Malalamiko yalifika London, na mwaka 1938 serikali ya kikoloni ikaunda kamati ya kuchunguza ajira ya watoto.

Ni nini basi kilichovunja mpango wa zamani? Wengi hutaja simu na televisheni. Mimi naona ardhi na shule vilitangulia. Tangu chai ya wakulima wadogo ilipopata mamlaka yake, KTDA, mwaka 1964, malisho mengi yaligeuka safu za michai, na mashamba yakagawanywa baina ya wana hadi mchungaji akakosa pa kuchungia. Mwaka 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 uliongeza mwaka mmoja kwenye shule ya msingi pamoja na masomo mengi, na mtihani wa darasa la nane ukawa mlango mwembamba wa maisha. Elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003 iliwaleta darasani hata wale waliobaki nyumbani, na hilo ni jema lisilo na shaka: yaya wa miaka minane hatimaye alipata kalamu. Lakini masomo ya alfajiri, ya jioni na ya likizo yalimeza saa zilizobaki.

Atakayepinga atasema utoto ule uliua. Ni kweli nchi imepiga hatua: mwaka 2003 watoto 115 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai nchini Kenya walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na kufikia 2022 idadi ilishuka hadi 41. Ila tofauti hiyo ililetwa zaidi na chanjo, vyandarua na zahanati kuliko kufungiwa nyumbani. Hoja ya barabara ina uzito zaidi. Juni 30, 2023, lori liliparamia watu katika makutano ya Londiani, Kericho, na kuua zaidi ya 50, na mzazi anayekataa mwanawe avuke lami peke yake ana haki. Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: mtaa uliokuwa na haki ya kumchapa mtoto wa mwenzio uliweza pia kunyamazia dhuluma aliyotendewa. Sheria ya Watoto ya 2001 ilimpa mtoto mahali pa kulalamika nje ya ukoo, na hapo siwezi kutamani ya zamani.

Kinachofaa kurejeshwa ni ule wajibu wa jirani, na nafasi ya kuutimizia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 tayari inakataza masomo ya likizo. Wazazi wasiyalipie. Serikali za kaunti za Kericho na Bomet, pamoja na makampuni ya chai yenye kambi za wafanyakazi, zitenge viwanja vya wazi karibu na makazi kabla kipande cha mwisho cha ardhi hakijapandwa chai. Na zamu za kuwaangalia watoto zipangwe kati ya watu wazima, wanaume wakiwemo, ili msichana naye acheze akiwa hana mtoto mgongoni.