Barafu ya Dome C kama Jiwe la Mizani

Setilaiti ya Nimbus-5, iliyorushwa na Marekani mwezi Desemba 1972, ilibeba radiometa, yaani chombo kinachopokea mawimbi hafifu ya mikrowevu ambayo ardhi, bahari na barafu hutoa kulingana na joto lake, na picha zake za ncha za dunia ziliwafunza wataalamu kwamba mng'ao wa theluji hautegemei halijoto pekee, bali pia ukubwa wa chembe zake, ambazo hutawanya mawimbi hayo kabla hayajafika juu.

Radiometa ikishapaa hairudishwi maabara, ilhali sehemu zake huchakaa na usomaji wake kupotoka polepole. Ndiyo maana palitafutwa mahali duniani pasipobadilika, pa kulinganishia vipimo jinsi muuzaji anavyohakiki mizani kwa jiwe linaloaminika. Mahali hapo ni Dome C, uwanda wa Antaktika ulio zaidi ya mita 3,200 juu ya usawa wa bahari, ambako Ufaransa na Italia zilijenga kituo cha Concordia, na ambako watu walikaa majira yote ya baridi kwa mara ya kwanza mwaka 2005.

Uthabiti wa Dome C unatoka chini, wala si juu, kwa kuwa hewa ya hapo hubadilika kwa makumi ya nyuzi kati ya kiangazi na baridi, lakini mita kumi chini ya theluji halijoto hukaa karibu nyuzi 54 chini ya sifuri mwaka mzima. Na mawimbi yenye urefu wa sentimita 21, kwa vile barafu kavu huyafyonza kidogo mno, hutoka kwenye kina cha mamia ya mita, yasikofika majira.

Watafiti wa Italia walilithibitisha jambo hili kwa majaribio ya DOMEX, wakisimika radiometa mnarani hapo Concordia, kwanza katika kiangazi cha kati ya 2004 na 2005, kisha kwa muda mrefu zaidi kuanzia mwishoni mwa 2008, ili vipimo viwe tayari kwa setilaiti ya Ulaya ya SMOS, iliyorushwa Novemba 2009 kupima unyevu wa udongo na chumvi ya bahari. Kazi hiyo ya subira inastahili heshima, kwani gramu moja ya chumvi katika kilo ya maji hubadilisha mng'ao kwa chini ya kelvini moja. Ilibainika pia kwamba mawimbi yanayotikisika wima hutulia sana, ilhali yale ya mlalo huyumba kidogo kila msongamano wa theluji ya juu unapobadilika.