Historia ya Udhibiti wa Magonjwa ya Tumbo katika Meli za Watalii Zinazotia Nanga Marekani

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, milipuko ya magonjwa ya tumbo katika meli za watalii ilihusishwa hasa na maji na vyakula vilivyochafuliwa na bakteria. Kwa hiyo, mwaka 1975 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa (CDC) ilianzisha mpango wa kukagua usafi wa meli, uliotilia mkazo matangi ya maji na majiko. Mwaka 1986 shughuli za mpango huo zilisitishwa kwa muda, zikarejeshwa mwaka 1987. Tangu mwaka 1988 wenye meli ndio hulipia ukaguzi.

Hata hivyo, norovirusi, kirusi kilichotambuliwa mwaka 1972 kutokana na mlipuko wa Norwalk, Ohio, wa mwaka 1968, huenea pia kwa mikono, matapishi na vitu vinavyoguswa. Meli iliyopata alama 100 yaweza kupandwa na abiria aliyekwisha kuambukizwa. Ndiyo maana wagonjwa hutengwa vyumbani, na abiria huhimizwa kunawa kwa sabuni, kwani vitakasa mikono vya alkoholi havitoshi. Ukaguzi hulinda matangi na majiko. Ulinzi uliobaki humtegemea mgonjwa ajitaje mapema, ilhali kutengwa kwenyewe kwaweza kumfanya anyamaze.