Funguo za Kanisa la Beacon Hill

Historia ya kukomesha utumwa Marekani husimuliwa zaidi kupitia wasemaji wake mashuhuri. Ni nadra kuuliza walisemea wapi, na nani alikubali kuwafungulia mlango. Mjini Boston, jibu ni African Meeting House, jengo la matofali lililokamilika mwaka 1806 katika mtaa wa Beacon Hill kwa ajili ya Wabaptisti weusi, mchungaji wao akiwa Thomas Paul. Utumwa ulikuwa umekoma Massachusetts tangu miaka ya 1780, lakini katika makanisa ya wazungu waumini weusi walitengwa na kuketishwa roshani. Nashikilia kwamba silaha kubwa ya kanisa hili, kuliko hata mahubiri yake, ilikuwa umiliki: mwenye funguo zake haombi ruhusa ya kukutana.

Tazama jinsi jengo lilivyotumika. Tangu 1808 watoto weusi walisoma humo. Katika chumba hicho cha shule, tarehe 6 Januari 1832, William Lloyd Garrison na wenzake walianzisha chama cha kupinga utumwa cha New England. Mwaka 1833 Maria Stewart, mwanamke mweusi aliyethubutu kuhutubia wanaume na wanawake hadharani, aliwaaga humo wananchi wa Boston. Na Desemba 1860, genge lilipovuruga mkutano wa wapinga utumwa katika ukumbi wa Tremont Temple, Frederick Douglass na wenzake walihamia kanisani jioni ile ile wakaendelea na hoja zao. Ukumbi wa watu ulishindwa kuwalinda. Nyumba yao iliwapokea.

Wapo watakaopinga kwamba kanisa lilikuwa mwenyeji tu, kwani watu 12 waliotia saini kuanzisha chama kile walikuwa wazungu wote. Lakini hoja ilikwisha kuwashwa na weusi wenyewe: walikuwa na chama chao tangu 1826, na David Walker, mmoja wao, alichapisha wito wake mkali dhidi ya utumwa mwaka 1829. Garrison alikuta moto unawaka. Pingamizi la pili ni zito zaidi: sehemu ya fedha za ujenzi ilitoka kwa wazungu, na siku ya kuzindua jengo, viti vya chini vilitengewa wafadhili, waumini weusi wenyewe wakapanda roshani. Hilo ni chungu, wala halifai kufichwa. Hata hivyo heshima ile ilikuwa ya siku moja, na nyumba ilibaki mikononi mwa waumini. Cato Gardner, mzaliwa wa Afrika, peke yake alichangisha zaidi ya dola 1,500 kati ya 7,700 zilizohitajika, na jina lake likachongwa juu ya mlango. Linastahili kutajwa kila anapotajwa Garrison, kwa sababu bila jasho la wachangishaji kama yeye, wasemaji wakubwa wangebaki wakibisha hodi kwenye kumbi za wengine.